Trafiki imehama, mafaili hayaonekani: kutatua matatizo ya lango la S3 la kanda nyingi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana baketi mbili (vyombo vya kuwekea mafaili) za Amazon S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, kwenye kanda mbili tofauti, ameziunganisha kwa Multi-Region Access Point, na siku alipogeuza trafiki kutoka kanda moja kwenda nyingine mambo yakagoma. Jina la huduma hiyo ni refu, kwa hiyo hapa nitaiita lango. Lango lilitoka Septemba 2021. Uwezo wa kuligeuza kwa mkono, kanda moja ikiwa hai na nyingine ikikaa akiba, uliongezwa Novemba 2022.

Mfano nitakaoutumia ni huu: baketi hai iko Frankfurt (`eu-central-1`), ya akiba iko Mumbai (`ap-south-1`), na programu inahudumia watu wa Dar es Salaam na Nairobi.

Kabla ya dalili yoyote, shika jambo moja. Lango hugeuza njia tu. Ni kama askari wa trafiki aliyesimama kwenye makutano: akiinua mkono magari yanakata kulia, lakini hajui lori limebeba nini wala kama ghala liendako lina mzigo. Lango halikagui kama faili lipo kwenye baketi linakoelekeza ombi. Na ukiliweka kwa mtindo wa hai na akiba, halitahama lenyewe Frankfurt ikiugua. Ni wewe, au skripti yako, mnaotoa amri. Nimeitwa mara nyingi kwa sababu "kuhama kumeshindikana", na mara nyingi zaidi kuhama kulikuwa kumefanikiwa vizuri kabisa. Kilichoshindikana ni data au ruhusa.

Kwanza jua ombi linafika wapi

Uliza lango lenyewe hali ya njia zake:

```
aws s3control get-multi-region-access-point-routes \
  --region eu-west-1 \
  --account-id 111122223333 \
  --mrap arn:aws:s3::111122223333:accesspoint/mfzwi23gnjvgw.mrap
```

Jibu litaorodhesha kila baketi na thamani ya `TrafficDialPercentage`. Namba 100 maana yake hai, 0 maana yake akiba. Hakuna 30 wala 70. Hili si bomba la kufungua nusu.

Hiyo ni hali iliyoandikwa. Ili kuona ombi la kweli linaishia wapi, mimi huweka kifaili kidogo kwenye kila baketi, `ishara/niko-wapi.txt`. Cha Frankfurt kina neno `frankfurt` na cha Mumbai kina neno `mumbai`. Hakikisha kanuni za urudufishaji, zile zinazonakili mafaili kutoka baketi moja kwenda nyingine, haziigusi folda ya `ishara/`, la sivyo kimoja kitafunika kingine na utabaki unajidanganya. Ukikisoma kupitia lango, neno moja linakujibu uko wapi. Ujanja huu haugharimu kitu, na saa nane usiku ninauamini kuliko dashibodi.

Nimegeuza, lakini programu bado inasoma kanda ya zamani

Ngoja dakika 2. Mabadiliko ya njia huchukua takriban muda huo kuenea. Nimeona watu wakigeuza, wakaona kimya, wakageuza kinyume, wakageuza tena, hadi ikawa hakuna mtu chumbani anayejua hali halisi ni ipi.

Dakika zikipita, kifaili cha ishara kinasema `mumbai`, na bado programu inasoma Frankfurt, basi programu hiyo haipiti langoni. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Mahali fulani kwenye mipangilio mtu ameandika jina la baketi moja kwa moja. Tafuta anwani yenye umbo kama lile la kwenye amri ya juu: inaishia na `.mrap`, na sehemu ambayo kwa kawaida hukaa jina la kanda iko tupu, ndiyo maana kuna nukta pacha mbili zimefuatana. Ukiona jina la baketi tupu, umempata mhalifu. Usiishie kwenye programu kuu. Angalia kazi za usiku, skripti za ripoti, na ile huduma ndogo iliyoandikwa na mwenzenu aliyekwisha hama kazi.

Kama mbele ya yote hayo kuna CloudFront au huduma nyingine ya kuhifadhi nakala karibu na watumiaji, unaweza pia kuwa unaona nakala ya zamani ambayo haijaisha muda wake. Huo si ugonjwa wa lango.

Njia ya uhakika ya kuwapata wanaochelewa kuhama ni logi za baketi ya zamani, ama logi za maombi za S3 zenyewe ama matukio ya data ya CloudTrail, daftari la AWS la nani alifanya nini. Yeyote anayeendelea kubisha hodi Frankfurt baada ya dakika kumi anatumia mlango wa nyuma.

Amri ya kugeuza inakataliwa

Amri zinazosoma na kubadilisha njia hazipokelewi kila mahali. Zinapokelewa kwenye kanda 5 tu: `us-east-1`, `us-west-2`, `ap-southeast-2`, `ap-northeast-1` na `eu-west-1`. Ukiituma kwa `eu-central-1` kwa sababu ndiko baketi yako iliko, itagonga ukuta. Sababu ya kuwa na 5 ni nzuri: moja ikianguka unatumia nyingine. Kwa hiyo skripti ya dharura iliyoandikiwa kanda moja tu imetupa faida yote. Iandike ijaribu hata tatu kwa zamu.

```
aws s3control submit-multi-region-access-point-routes \
  --region ap-southeast-2 \
  --account-id 111122223333 \
  --mrap arn:aws:s3::111122223333:accesspoint/mfzwi23gnjvgw.mrap \
  --route-updates Bucket=data-mumbai,TrafficDialPercentage=100 \
                  Bucket=data-frankfurt,TrafficDialPercentage=0
```

Sababu nyingine ni kujaribu kuziweka baketi zote akiba; lazima angalau moja ibaki hai. Ndiyo maana amri hiyo inawasha Mumbai na kuizima Frankfurt kwa pigo moja. Pia huenda ukakosa ruhusa ya `s3:SubmitMultiRegionAccessPointRoutes`. Hii hujificha, kwa sababu anayeweza kusoma njia si lazima aweze kuzibadilisha, na watu hujaribu kusoma peke yake siku ya mazoezi.

Iko na nyingine ambayo haionekani hadi siku ya msiba. Tarehe 20 Oktoba 2025, hitilafu ya DNS (mfumo wa kutafuta anwani kwa jina) ya DynamoDB, hifadhidata ya AWS, huko `us-east-1` ilisumbua huduma nyingi sana, zikiwemo za watu ambao hawakujua kwamba wanaitegemea kanda hiyo. Jiulize: kuingia kwako kwenye akaunti kunapita wapi? Kama tokeni zako za muda zinatoka kwenye mlango wa STS (huduma ya AWS inayotoa tokeni hizo) wa kanda ileile iliyougua, ufunguo wa gari umefungiwa ndani ya gari.

Trafiki imehama, lakini mafaili yanarudisha 404 (hayapo)

Hapa ndipo kazi ilipo.

Urudufishaji wa S3 haufanyiki papo hapo. Faili huandikwa Frankfurt, mteja hupewa jibu la mafanikio, halafu nakala husafiri baadaye. Mafaili mengi hufika ndani ya muda mfupi, lakini hakuna ahadi, isipokuwa umewasha Replication Time Control. Hiyo imejengwa kurudufisha asilimia 99.99 ya mafaili mapya ndani ya dakika 15. Bila hiyo, faili lililoandikwa dakika moja kabla ya Frankfurt kuanguka linaweza kuwa limebaki hukohuko.

Chukua faili moja lililokosekana na ulichunguze kwenye baketi ya asili, ukiliita kwa jina la baketi wala si kupitia lango:

```
aws s3api head-object --bucket data-frankfurt \
  --key picha/2025/risiti-0417.jpg
```

Tazama sehemu ya `ReplicationStatus`.

Ikisema `PENDING`, faili liko njiani. Kama Frankfurt inapumua bado, subiri.

Ikisema `FAILED`, kuna kitu kimezuia, na kwa uzoefu wangu kitu hicho ni ruhusa au usimbaji fiche. Mafaili yaliyofungwa kwa funguo za KMS, huduma ya AWS ya kutunza funguo za usimbaji, hayarudufishwi mpaka uiambie kanuni wazi kwamba iyachukue, uitajie ufunguo wa upande wa pili, na ulipatie jukumu la IAM (mfumo wa ruhusa wa AWS) linalotumiwa na S3 ruhusa ya kufungua kwa ufunguo wa Frankfurt na kufunga kwa ule wa Mumbai. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, hutapata nakala.

Ikiwa sehemu hiyo haipo kabisa, hakuna kanuni iliyowahi kuligusa faili hilo. Ama jina lake halilingani na kichujio cha kanuni, ama liliandikwa kabla kanuni haijawekwa. Hilo la pili limenipata mwenyewe. Katika kazi moja ya zamani tuliwasha urudufishaji, tukaona mafaili mapya yanafika Mumbai, tukapongezana. Siku ya zoezi la kwanza la kuhama tukagundua kwamba miaka miwili ya nyaraka za zamani haikuwahi kusogea hata hatua moja. Kanuni huangalia mbele tu. Mafaili ya nyuma unayasafirisha kwa S3 Batch Replication, ambayo unaiendesha mwenyewe, na huyachukua pia yale yaliyowahi kushindwa.

Ikisema `REPLICA`, unatazama nakala, na hapa kuna mtego kwa wenye kanda tatu. Nakala hairudufishwi tena na kanuni ya kawaida. Huwezi kupanga Frankfurt ipeleke Mumbai halafu Mumbai ipokezane na Singapore kama ndoo za maji kwenye moto. Frankfurt yenyewe lazima iwe na kanuni ya kwenda kila kanda, na kila kanda inayoweza kuwa hai lazima iwe na kanuni za kwenda kwa zote nyingine.

Upande wa pili wa shilingi ni mafaili yaliyofutwa kufufuka. Ukifuta faili bila kutaja toleo, S3 huweka alama ya kufuta juu yake, na alama hiyo haivuki bila wewe kuwasha chaguo lake kwenye kanuni. Kufuta toleo mahususi hakuvuki kabisa. Vilevile kanuni za umri wa mafaili, zile zinazohamisha au kufuta vya kale, hazisafiri. Kila baketi inahitaji za kwake. Kama mfumo wako una wajibu wa kisheria wa kufuta taarifa za mtu anapoomba, usiache hili lipite kimyakimya.

403 ambayo kumbe ni 404

Huu ni mtego mdogo lakini umepoteza saa za watu wengi. Faili likikosekana na anayeomba hana ruhusa ya `s3:ListBucket`, S3 haitamwambia faili halipo. Itamjibu 403, yaani hana ruhusa. Timu inaanza kupekua sera za ruhusa usiku kucha wakati tatizo ni urudufishaji. Kabla hujagusa sera hata moja, tumia akaunti yenye ruhusa kamili na uhakikishe kwamba faili lipo Mumbai.

Likiwa lipo na bado ni 403, sasa ndiyo uangalie ruhusa. Ombi linalopita langoni hupimwa mara zaidi ya moja: sera ya IAM ya anayeomba, sera ya lango, na sera ya baketi. Wote lazima wakubali. Kawaida Frankfurt ilitengenezwa kwa uangalifu miaka ya nyuma na Mumbai ikafunguliwa haraka Ijumaa jioni, kwa hiyo linganisha sera za baketi hizo mbili mstari kwa mstari. Kumbuka pia kwamba mipangilio ya kuzuia umma kwenye lango huwekwa siku linapoundwa na haibadilishwi baadaye. Ukikosea unaunda lango jipya.

KMS hurudi tena hapa. Nakala ya Mumbai imefungwa kwa ufunguo wa Mumbai. Programu yenye `kms:Decrypt` kwa ufunguo wa Frankfurt pekee itasoma vizuri mwaka mzima na kukwama dakika ya kwanza baada ya kuhama. Funguo za KMS za kanda nyingi hazikuokoi kama unavyodhani, kwa kuwa S3 huzichukulia kama funguo za kanda mojamoja. Na kama programu inataja ufunguo wa Frankfurt kila inapoandika faili, faili hilo litakataliwa Mumbai, maana ufunguo lazima uwe kwenye kanda moja na baketi. Acha kuutaja. Weka ufunguo wa msingi kwenye kila baketi na baketi ijichagulie.

Makosa ya sahihi

Ombi la kawaida la S3 hutiwa sahihi kwa ajili ya kanda moja. Lango halijui ombi litaangukia wapi, kwa hiyo linataka sahihi ya aina ya SigV4A, inayokubalika kwenye kanda zaidi ya moja. Maktaba nyingi huhitaji kipande cha ziada ili kuitengeneza. Kwenye Python ni `pip install "boto3[crt]"`; kwenye Java na JavaScript kuna vifurushi vyake vya kuongeza. Dalili ni kwamba kwenye kompyuta yako inafanya kazi na kwenye kontena haifanyi, kwa sababu picha ya kontena ilijengwa bila kifurushi hicho.

Kama unatumia tokeni za muda, zichukue kutoka mlango wa STS wa kanda badala ya ule wa dunia nzima. Tokeni za ule wa dunia, kwa mipangilio ya kawaida, hazikubaliki kila kanda.

Kimya, halafu muda unaisha

Seva iko kwenye mtandao wa ndani usio na njia ya kutoka nje. Inaifikia Frankfurt moja kwa moja bila shida, lakini kupitia lango inaning'inia. Mlango wa VPC (mtandao wako wa ndani kwenye AWS) wa aina ya geti, ule wa bure ambao karibu kila mtu anao, hauhudumii lango. Unahitaji mlango wa aina ya PrivateLink wa huduma ya `com.amazonaws.s3-global.accesspoint`, na huo una gharama.

Upakiaji wa mafaili makubwa umekatika

Kosa ni `NoSuchUpload`. Faili kubwa hupakiwa vipandevipande chini ya namba moja ya upakiaji, na namba hiyo inajulikana kwenye baketi ilikoanzia tu. Vipande vilianza Frankfurt, lango likageuka, kipande kinachofuata kikafika Mumbai kwa mtu asiyekifahamu. Dawa ni kuanza upya, na programu iandikwe kutambua kosa hilo na kuanza upya yenyewe. Vipande vilivyobaki Frankfurt havionekani kwenye orodha ya mafaili lakini vinalipiwa, kwa hiyo weka kanuni ya kuvifuta baada ya siku chache.

Zote mbili ziko hai, na faili linaonekana kwa mmoja, halionekani kwa mwingine

Ukiziwasha baketi zote mbili, lango humpeleka kila mtu kwenye kanda inayofikika haraka kwa njia ya mtandao, wala haliangalii ramani. Kwetu Afrika Mashariki jibu la swali hilo hubadilika. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo mikongo ya EASSy na Seacom ikaharibika kwa pamoja, intaneti ikayumba kuanzia Tanzania hadi Kenya. Siku kama hizo data huzunguka njia nyingine, na mtu wa Dar aliyekuwa akienda Mumbai anaweza kujikuta Frankfurt bila wewe kugusa chochote.

Kwa hiyo mtu mmoja anapakia risiti, inaingia Frankfurt. Mhasibu kwenye mtandao mwingine anaifungua baada ya sekunde tatu, anapelekwa Mumbai, anapata 404. Si hitilafu, ndivyo ilivyoundwa. Kama programu yako inasoma mara tu inapoandika, kaa kwenye mtindo wa hai na akiba. Ule wa zote hai uufikirie kwa mafaili yanayoandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, na hata hapo usiruhusu pande mbili kuandika juu ya jina moja.

Kurudi nyumbani

Frankfurt imepona na kila mtu anataka kurudi haraka. Hapa ndipo ajali ya pili hutokea. Mafaili yote yaliyoandikwa wakati wa dharura yako Mumbai. Kama kanuni ya urudufishaji inatoka Frankfurt kwenda Mumbai peke yake, ukigeuza sasa hivi mafaili hayo yatatoweka machoni pa watumiaji. Kanuni ya kurudi lazima iwepo tangu mwanzo. Ukiiweka leo, ya nyuma yatahitaji Batch Replication kama nilivyoeleza.

Ikiwepo, washa vipimo vya urudufishaji na uangalie `OperationsPendingReplication` na `BytesPendingReplication` kwa upande wa Mumbai kwenda Frankfurt. Subiri vishuke hadi sifuri. Kisha angalia `OperationsFailedReplication`, kwa sababu lililoshindwa haliko tena kwenye foleni, na foleni tupu yenye mafaili mia yaliyoshindwa inaonekana safi kabisa ukiitazama haraka. Yaliyoshindwa yakishughulikiwa, geuza, ngoja dakika zako mbili, soma `ishara/niko-wapi.txt`, halafu fungua kwa mkono faili moja ambalo unajua liliandikwa Frankfurt ilipokuwa chini.